Kumlea mtafiti mchanga Bukavu: mwongozo kwa wasimamizi wa uzamili na uzamivu

Siku idara inapoipokea mada ya mwanafunzi wa uzamili, hutoka karatasi yenye majina mawili: la mwanafunzi mwenyewe na la msimamizi wake, ambaye hapa Bukavu kila mtu anamwita promoteri. Kwa kawaida karatasi hiyo haisemi wawili hao wataonana mara ngapi, nani atamtafuta mwenzake, wala kurasa zilizoandikwa zitasomwa ndani ya siku ngapi. Katika pengo hilo wanapotea vijana wengi ambao masomo hayakuwashinda hata kidogo. Nimewaona waliomaliza bila ufadhili wowote, wakifundisha sekondari asubuhi na kuandika usiku kwa mwanga wa tochi ya simu. Sijamwona hata mmoja aliyemaliza vizuri huku maandishi yake hayasomwi.

Mwongozo huu nimemwandikia huyo promoteri, pamoja na asistanti na CT (chef de travaux, mwalimu aliye kati ya asistanti na profesa) ambao mara nyingi ndio wanaobeba kazi ya kila siku wakati profesa amesafiri kufundisha Uvira, Goma au Kindu. Wengi wetu tulilelewa na mfumo wa zamani: gradua miaka 3, lisansi miaka 2, kisha DEA (diploma ya kujiandaa kwa uzamivu), na tasnifu ambayo ingeweza kukaa mezani miaka kumi bila mtu kuuliza. Mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), ulioenezwa katika vyuo vya Kongo kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unataka masta imalizike kwa miaka 2 na uzamivu kwa miaka 3. Muda umefupishwa, lakini namna yetu ya kusimamia imebaki ileile, na ndiyo maana yafuatayo yanahusu zaidi tabia ya msimamizi kuliko kanuni za chuo.

Kabla ya kukubali

Anza kwa kuhesabu saa zako. Kwa uzoefu wangu, mwanafunzi mmoja wa masta anahitaji saa 2 za promoteri kila juma, moja ya kusoma alichoandika na nyingine ya kuzungumza naye. Wa uzamivu anahitaji 3, na mwaka wa mwisho zaidi ya hapo. Ukishatoa saa za kufundisha, za vikao na za kusahihisha mitihani, kilichobaki ndicho unachoweza kugawa. Mwaka mmoja niliwakubali wanafunzi kumi na mmoja, kwa kuwa kila mmoja aliletwa na mtu ambaye ni vigumu kumkatalia. Wanne walimaliza kwa wakati, nao ni wale waliokuwa wakinisubiri mlangoni. Wale saba wenye haya niliwapoteza mimi, ingawa ripoti ya idara iliandika kwamba hawakuwa na bidii.

Ukipokea ombi, usitazame alama peke yake. Mwambie kijana akuandikie ukurasa mmoja juu ya jambo aliloliona kwa macho yake mwenyewe na ambalo hajaelewa sababu yake. Anayerudi na ukurasa uliojaa maneno makubwa kuhusu maendeleo endelevu bado anaweza kufundishika, ila itachukua muda. Anayerudi na ukurasa unaosema kwamba bomba la mtaa wao hutoa maji Jumanne na Ijumaa tu, tena upande wa chini wa barabara tu, huyo amekwisha kuanza utafiti bila kujua.

Mkishakubaliana, andikeni karatasi moja, pande zote mbili zitie sahihi. Iseme siku na saa ya kuonana, idadi ya siku ambazo promoteri anaruhusiwa kukaa na maandishi (mimi naweka 5), lugha ya kuandikia, na ni nani atakayesoma ikiwa promoteri amesafiri. Kisha uongeze sentensi ambayo naiona kuwa ya maana kuliko zote: kwamba zikipita siku hizo 5 bila jibu, mwanafunzi anayo ruhusa ya kukudai, kwa ujumbe au kwa kuja mlangoni. Kwetu, kijana kumkumbusha mkubwa jambo lilelile mara mbili huonekana utovu wa adabu, naye atavumilia miezi mitatu ya kimya kuliko kukukosea heshima. Hawezi kuivunja desturi hiyo mwenyewe. Mkubwa ndiye anayepaswa kumfungulia mlango, tena kwa maandishi, ili wenzake wasimcheke.

Mada ambayo mguu unaifikia

Mada nyingi zinazoletwa ni pana kuliko maisha ya mtu mmoja. Kijana mmoja alinijia na mada ya uvuvi na maendeleo endelevu katika Ziwa Kivu. Sikumkatalia, nilimuuliza anakaa wapi.

«Nguba, Profesa, karibu na ziwa.»

«Asubuhi unaona nini?»

«Naona wavuvi wanarudi na sambaza. Mama ananunua ndoo mbili, anaanika, halafu anapeleka Kadutu.»

«Anaanika wapi, mwanangu?»

«Chini tu, juu ya turubai.»

«Na mvua ikinyesha?»

Akacheka kidogo. «Ikinyesha tunakula sambaza wiki nzima, Profesa, maana haziuziki tena.»

Mada yake ilikuwa imekaa hapo, kwenye lile turubai. Baada ya majuma matatu ya kupunguza, swali likawa hili: katika msimu wa mvua, mama anayeanika chini anapoteza sehemu gani ya samaki alionunua, na anayeanika juu ya wavu ulioinuliwa anapoteza kiasi gani? Swali hilo linahitaji mizani, kipimajoto, daftari, akina mama thelathini waliokubali, na miezi minne ya kuamka mapema. Linafikika kwa miguu. Lenyewe linaonekana dogo, lakini nyuma yake kuna usomaji mpana: sambaza hakuwa samaki wa Kivu, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na huyohuyo ndiye anayeitwa kapenta katika Ziwa Kariba, alikopelekwa katika miaka ya 1960. Kwa hiyo kijana wa Nguba alijikuta akisoma kazi za watu wa Zambia na Zimbabwe kuhusu uvuvi na ukaushaji wa samaki yuleyule wa mama yake, na hapo akatambua kwamba swali lake lina majirani.

Nina njia tatu za kuipima mada kabla ya kuipeleka kwenye idara. Natazama kama mwanafunzi anaweza kufika mahali pa utafiti kwa pikipiki au kwa mtumbwi na kurudi siku ileile, kwa sababu safari za kulala nje ndizo zinazokatika fedha zikipungua. Natazama kama jibu litakuwa na maana hata likienda kinyume na alivyotarajia. Mada ambayo jibu moja tu linakubalika ni hotuba. Mwisho naangalia kama yupo mtu, mjini au mbali, anayeweza kumwambia kwamba amekosea na kumwonyesha wapi. Ikiwa hayupo, na mimi mwenyewe si mtu huyo, namtafutia msimamizi wa pili au mada nyingine.

Wapo wanaodhani kwamba mada iliyotoka kazini au mtaani haina hadhi ya kisayansi. Nawakumbusha habari ya Daktari Denis Mukwege, aliyeanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999: uzamivu wake aliupata katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels mwaka 2015, akiwa na miaka 60, kuhusu matibabu ya fistula, kazi ambayo mikono yake ilikuwa imeifanya kwa miaka mingi. Mada hiyo ilitoka chumba cha upasuaji, haikuchaguliwa kwenye orodha iliyobandikwa ukutani.

Tena, kabla ya kuandika kwamba «hakuna takwimu» kuhusu jambo fulani la Kivu, mpeleke mwanafunzi kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro. Kituo kile, kama kilomita 45 kutoka mjini, kilijengwa na IRSAC, taasisi ya utafiti ya wakati wa ukoloni iliyoundwa mwaka 1947, na leo ndicho CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi asilia. Kina maktaba na makusanyo ya miaka mingi ya mimea, wanyama na vipimo vya ardhi. Wanaofanya kilimo wapite pia INERA Mulungu, kituo cha taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, ambako utafiti wa mazao ulianza zamani za INEAC, taasisi ya kilimo ya wakati wa ukoloni. Siku mbili za kufungua makabati yenye vumbi humfundisha kijana kwamba kuna watu waliomtangulia, na kwamba walioandika vizuri daftari zao bado wanasomeka.

Kalenda ya mvua na kalenda ya chuo

Hizi mbili hazipatani. Mvua zetu huanza Septemba na kwisha Mei, wakati pendekezo la utafiti mara nyingi hupitishwa mwaka wa masomo ukiwa umefika mbali. Anayetaka kupima mmomonyoko au kipindupindu cha msimu hujikuta ameruhusiwa kuanza mwezi Juni, jua likiwaka. Panga kurudi nyuma: weka kwanza miezi ya uwanjani, kisha utoe miezi miwili ya kibali cha kamati ya maadili na barua za kichifu, halafu mwezi mmoja wa kujaribu dodoso. Tarehe inayopatikana ndiyo ya kumaliza pendekezo, hata kama kozi hazijaisha.

Kurasa mbili kila Ijumaa

Nafika sasa kwenye kazi yenyewe. Kuanzia juma la kwanza, kabla hata mada haijakaa sawa, kila mwanafunzi wangu ananiletea kurasa mbili kila Ijumaa. Zinaweza kuwa muhtasari wa makala aliyoisoma, maelezo ya siku moja uwanjani, jedwali na maelezo yake, au aya alizozifuta na kuziandika upya. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba anasoma kwanza na ataandika baadaye. Huyo wa baadaye ndiye anayekuja mwaka wa pili na kurasa mia moja na ishirini kwa mpigo mmoja, nami ninazitazama kama mtu aliyeonyeshwa mlima wa kupanda usiku; kurasa hizo hukaa mezani, na kila siku zinapokaa ndivyo zinavyozidi kuwa nzito kwetu sote wawili.

Katika kusoma, nina maswali matatu tu kwa miezi sita ya kwanza: unadai nini, umejuaje, na mimi nimepotea wapi? Nukta, mikato na unyambulishaji wa Kifaransa navipitia juu juu. Promoteri anayerudisha ukurasa uliojaa wino mwekundu kwa ajili ya sarufi, bila kugusa hoja, anamfundisha kijana kwamba sayansi ni imla.

Nitoe mfano wa karibu. Msichana mmoja aliyetaka kuchunguza maporomoko aliandika hivi: «Mmomonyoko wa udongo ni tatizo kubwa sana katika mji wa Bukavu.» Sentensi hiyo ni ya kweli na haimfai mtu yeyote. Niliandika pembeni: wapi? tangu lini? nani amepima? Juma lililofuata akarudi na «mmomonyoko wa udongo ni tatizo kubwa katika wilaya ya Kadutu, hasa Funu». Nikauliza tena, kwa upole: ulikwenda? Akanyamaza, kisha akasema amepita barabarani. Nikampa futi ya kupimia na vigingi. Baada ya majuma matatu sentensi yake ilianza hivi: «Katika mifereji mitatu ya Funu niliyoipima kila baada ya mvua kubwa kuanzia Oktoba, ukingo uliopandwa mianzi umerudi nyuma kidogo kuliko ukingo ulio wazi, isipokuwa mfereji wa tatu, ambao sijaelewa.» Nilimwambia kwamba maneno mawili ya mwisho ndiyo mwanzo wa sura yake ya nne, na aliposikia hivyo akakaa kitako kana kwamba ameachiliwa mzigo, kwa sababu alikuwa amefikiri kwamba kutoelewa ni aibu ya kufichwa.

Usimwandikie. Kishawishi hicho ni kikubwa, hasa tarehe ya kuweka memwari, yaani tasnifu ya masta, ikikaribia na wewe unajua sentensi inavyopaswa kukaa. Soma kwa sauti alichoandika, mwache asikie mwenyewe palipokwama, kisha mwambie akieleze kwa Kiswahili au kwa Mashi kama anavyomweleza dada yake, halafu akirudishe katika Kifaransa. Mara nyingi hoja inayogoma kwa Kifaransa hutoka yenyewe kwa lugha ya nyumbani, na hapo wote wawili mnatambua kwamba tatizo lilikuwa la lugha. Isipotoka hata kwa Kiswahili, basi hoja yenyewe bado haipo.

Kurasa hizi za kila juma zina faida nyingine ambayo sikuitafuta. Wapo mjini wanaoandika memwari za watu kwa malipo, na kila promoteri anajua, ingawa tunajifanya hatujui. Mwanafunzi ambaye umemsoma mara sitini unaijua sauti yake. Huwezi kuuziwa sauti ya mtu mwingine, na yeye mwenyewe haoni haja ya kununua alichokwisha kukijenga.

Jumamosi moja kwa mwezi wakusanye wote, wa masta na wa uzamivu pamoja. Mmoja alete makala, mwingine alete aya zake zilizomshinda. Wa mwaka wa mwisho amsomee wa mwaka wa kwanza kabla wewe hujamsoma. Chai na mandazi vinatosha. Nimegundua kwamba mikutano isiyo na chai hufa mwezi wa tatu.

Neno «jamaa» na dodoso lililotudanganya

Wanafunzi wetu husoma makala za Kiingereza, huandika Kifaransa, huuliza maswali kwa Kiswahili na hujibiwa kwa Mashi, Kirega au Kihavu. Katika kila kivuko kuna kitu kinachoanguka majini. Tulikuwa na dodoso la lishe huko Kabare, ambalo swali lake la kwanza lilihusu idadi ya watu katika kaya. Neno «kaya» halitumiki kwetu, kwa hiyo mwanafunzi akaweka «jamaa», na jambo hilo nami nililipitisha bila kufikiri. Siku ya majaribio mama mmoja alijibu kuwa jamaa yao ina watu thelathini na wanne. Alikuwa amewahesabu watoto walioolewa Kalehe, shemeji aliyeko Lubumbashi, na wajukuu, na alikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa hiyo ndiyo maana ya jamaa hapa kwetu. Tulibadili swali likawa: «Usiku wa jana, ni watu wangapi waliokula kwenye sufuria moja na ninyi hapa nyumbani?» Majibu yakatulia.

Utaratibu ni huu: mtu mmoja atafsiri dodoso kutoka Kifaransa, mtu wa pili ambaye hajaona Kifaransa alirudishe kutoka Kiswahili, kisha mlinganishe matoleo mawili ya Kifaransa mkiwa mezani pamoja. Palipopishana ndipo penye kazi. Halafu mlijaribu kwa watu kumi ambao hawatahesabiwa katika utafiti, na promoteri awepo angalau siku moja. Vipimo vya sokoni navyo vitazamwe kwa jicho hilohilo: bakuli la unga la Kadutu na bakuli la Walungu huenda visiwe na uzito mmoja, na mwanafunzi asiyebeba mizani atalinganisha mabakuli akidhani analinganisha kilo.

Vitabu, mega na umeme

Kilio cha kukosa vitabu hakina nguvu tena kama zamani, ingawa bado wengi wanakilia. Kupitia Research4Life, mpango ambao sehemu yake ya afya, HINARI, ilianza mwaka 2002, vyuo vya nchi yetu vinaweza kusoma maelfu ya majarida bila malipo. Sharti ni chuo kujiandikisha na mtu wa maktaba kuwa na nywila. Mara nyingi nywila ipo, lakini imebaki kwa mtu mmoja aliyehama. Kazi yako ya kwanza kama msimamizi ni kwenda maktaba kuiulizia. Majarida ya Afrika yanapatikana katika AJOL, na yaliyo wazi kwa wote huorodheshwa katika DOAJ. Makala isipopatikana kokote, mfundishe mwanafunzi kumwandikia mwandishi barua fupi ya adabu, wengi hujibu.

Mega, yaani bando la intaneti, ni ghali, kwa hiyo pakua kwa kikundi: mtu mmoja ashushe makala usiku chuoni, wengine wanakili kwa flashi. Tangu siku ya kwanza kila makala iingizwe katika Zotero, ambayo ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti. Anayeahirisha jambo hili atautumia mwezi wa mwisho wa memwari akitafuta mwaka wa kila kitabu. Kwa madodoso, KoboToolbox hujazwa kwenye simu bila mtandao na kutumwa baadaye mtandao ukipatikana. Kwa hesabu na ramani kuna R na QGIS, nazo ni za bure pia, na hivyo hakuna sababu ya kumzoeza kijana programu ya wizi itakayokufa kompyuta ikibadilishwa.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika katikati ya kazi, kinachopotea ni kile kisichohifadhiwa. Kanuni yangu ni nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, na kwenye barua pepe ya mwanafunzi mwenyewe, aliyojitumia. Daftari la uwanjani lipigwe picha kila jioni. Nilizingatia hayo baada ya kuona miezi saba ya kazi ya mtu ikiibwa pamoja na mkoba ndani ya takisi.

Jina lake liandikwe

Nilipokuwa mwanafunzi, nilikusanya takwimu za mradi mmoja wa wageni kwa miezi minne, nikivuka mito na vizuizi, nikitafsiri, nikiwaombea wenzangu chakula kwa machifu. Makala ilipotoka, niliitafuta habari yangu mpaka ukurasa wa mwisho. Palikuwa na shukrani kwa «wasaidizi wa mahali». Sikuwa na mtu wa kumlalamikia, kwa sababu hatukuwa tumeandikiana lolote.

Kwa hiyo, kabla kijana wako hajaingia katika mradi wowote wa nje, na kabla wewe mwenyewe hujamwingiza katika wako, andikeni nani atachambua, nani atahifadhi takwimu, nani atakuwa mwandishi na kwa mpangilio gani. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka masharti manne ambayo hata walio nje ya tiba wanaweza kuyatumia: awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni kazi, kukusanya au kuchambua; awe ameandika au kurekebisha andiko; awe ameridhia toleo la mwisho; na akubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Yote manne yanatakiwa. Tazama ugumu uliomo: aliyekusanya takwimu tu hatimizi sharti la pili, na njia rahisi ya kumwacha nje ni kutompa andiko alisome. Njia ya haki ni kumpa, na kumpa muda wa kuandika. Masharti hayohayo yanatuhusu sisi mapromoteri tunaotaka jina letu liwe la kwanza juu ya kazi ya mwanafunzi kwa sababu ya cheo.

Makala ya kwanza ipelekwe kwenye jarida linalosomwa na watu wa mada hiyo. Jarida linalokuandikia lenyewe, likikusifu na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tano kwa ada, ni duka. Mwonyeshe mwanafunzi barua ya namna hiyo mapema, maana hata walimu wamenaswa, na fedha iliyotumika ilikuwa minervali, yaani ada ya shule, ya mtoto.

Fedha, na wakati wa vita

Hapa sitakaa sana. Taasisi ya IFS ya Sweden, iliyoanzishwa mwaka 1972, ilijengwa kwa ajili ya ruzuku ndogo kwa watafiti wanaoanza katika nchi kama yetu. OWSD, shirika la wanawake wa sayansi wa nchi zinazoendelea lenye makao Trieste, Italia, hutoa ufadhili wa uzamivu kwa wanawake wa sayansi. Masharti na tarehe vitazamwe kila mwaka. Andiko la maombi hupatikana kwa urahisi ndani ya zile kurasa mbili za kila Ijumaa: mwanafunzi aliyezizoea hapati shida ya kueleza swali lake kwa aya moja.

Vita vilipofika Goma mwezi Januari 2025 na Bukavu mwezi Februari, benki zilifungwa, na wanafunzi waliokuwa na kituo kimoja tu cha utafiti waliachwa bila kitu. Tangu hapo sipokei pendekezo lisilo na mahali pa pili pa kufanyia kazi, au namna ya pili ya kulijibu swali, kwa mfano kwa takwimu zilizokwisha kukusanywa. Tena namwambia kila mmoja wazi, mbele ya wenzake, kwamba hakuna takwimu ninayoihitaji kiasi cha yeye kupita njia ambayo wenyeji wamemwambia asipite. Asipolisikia kutoka kwangu, atadhani natarajia kinyume chake.

Kutetea, na majuma yanayofuata

Majuma matatu kabla ya siku yenyewe, fanya utetezi wa majaribio na kikundi cha Jumamosi, na umpe kila mmoja nafasi ya mjumbe wa juri. Waambie waulize maswali ambayo juri huyapenda: kwa nini thelathini na siyo mia, kwa nini Funu na siyo Bagira, ungefanya nini tofauti? Mwanafunzi ajifunze kusema «hilo sikulipima» bila kuinamisha kichwa. Yule wa sambaza aliulizwa kama nyavu zingefaa pia kisiwani Idjwi. Akajibu kwamba hajui, kwa kuwa upepo wa huko hakuupima, akaeleza jinsi ambavyo angeupima. Mjumbe aliyeuliza aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaendelea na swali jingine.

Baada ya picha na soda, mpe juma moja la kupumzika, siyo zaidi. Juma la pili aje ofisini na masahihisho ya juri, nanyi mgawe memwari: sura ipi itakuwa makala, na maelezo gani yatarudi kwa akina mama wa Nguba kwa Kiswahili, kwa mdomo, kabla hayajaenda kwa mtu mwingine. Takwimu zake, dodoso na daftari zibaki katika kabati la idara, zikiwa na karatasi inayoeleza kila safu inamaanisha nini, ili mtu wa miaka ishirini ijayo asihangaike. Mimi hufanya jambo moja zaidi: namkabidhi mwanafunzi mpya wa mwaka wa kwanza, amsomee kurasa mbili kila Alhamisi, kabla hazijanifikia mimi siku ya Ijumaa.